Kura ya Mia Mbili Ishirini na Sita

"Weka mkono mmoja mfukoni," Inspekta Uliana Skoryk alisema. "Sasa piga kura."

Nestor Palamar, mpelelezi msaidizi wake, alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha mbunge kama mwenye nyumba. Alitia mkono wa kushoto mfukoni, akabonyeza kitufe cha kijani kwa mkono wa kulia. Ubao mkubwa ulioning'inia juu ya kiti cha Spika haukuonyesha chochote.

"Imegoma."

"Tumia mikono miwili."

Aliweka kidole cha mkono wa kushoto kwenye kitambuzi cha mguso kilichokuwa ukingoni mwa meza, akabonyeza tena kwa mkono wa kulia. Ubao ukawaka: NDIYO, 1.

Ukumbi wa Bunge jijini Kyiv ulikuwa mtupu. Fundi mmoja tu, aliyewapa kadi ya majaribio, alikuwa ameketi nyuma ya mitambo, akifanya kila alichoambiwa bila kuuliza. Zamani mbunge mmoja aliweza kupita safu nzima akiwabonyezea wenzake walioacha kadi zao za kura kwenye matundu ya meza wakalala majumbani, na wananchi wakimtazama kwenye televisheni. Walipochoka na vituko hivyo ndipo vitambuzi vikafungwa. Mkono mmoja hapa, mwingine pale, kwa wakati mmoja. Tangu siku hiyo, anayetaka kuiba kura ya jirani yake alihitaji kuzaliwa na mikono minne.

"Hamia kiti cha pembeni," Uliana alisema. "Mkono uurudishe mfukoni."

Nestor alihamia kiti kilichokuwa kando ya njia, akachomeka kadi, akabonyeza kwa mkono mmoja.

NDIYO, 1.

Alibonyeza mara ya pili, akautazama ubao, kisha akamtazama mkuu wake. "Meza hii haiulizi mkono wa pili."

"Haiulizi kwa sababu mwenyewe hana wa pili."

Meza ilikuwa ya Zakhar Lomaka, mbunge wa Sosnivtsi, mji wa misitu kule Polissia. Mkono wake wa kushoto aliuacha vitani kabla hajaingia kwenye siasa, na ule wa bandia aliuficha ndani ya glavu nyeusi ya ngozi. Kitambuzi hakitambui mkono wa bandia, kwa hiyo mafundi walikizima kimyakimya kwenye meza yake, yeye peke yake. Wabunge walijua. Wananchi wengi hawakujua, kwa maana Lomaka hakuwahi kuutaja mkono ule kwenye kampeni hata moja.

Wiki iliyopita Bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu kaharabu, jiwe la thamani litokanalo na utomvu wa miti ya kale, ichimbwe kwa pampu za maji katika misitu ya hifadhi. Sheria ilihitaji kura mia mbili ishirini na sita, na ilipata hizo hizo, bila hata moja ya ziada. Miongoni mwa waliosema ndiyo lilikuwamo jina la Zakhar Lomaka, bwana misitu wa zamani, mtu aliyeingia Bungeni kwa ajili ya msitu ule na kuupinga kila muswada wa kaharabu uliowahi kuletwa. Kesho yake lango la nyumba yake Sosnivtsi lilikutwa limeandikwa kwa rangi nyekundu: MSALITI. Yeye mwenyewe hakukanusha. Hakukiri pia.

Uliana alipima kwa macho. Kushoto kwa kiti kile ilikuwa njia. Mbele kulikuwa na migongo mirefu ya viti vya safu nyingine, na nyuma ngazi. Mtu pekee ambaye mkono wake ungekifikia kitufe alikuwa jirani wa kulia, Valerian Kotsiuba.

"Basi tumkamate Kotsiuba, tukale," Nestor alisema.

"Au Lomaka mwenyewe. Meza iliyomrahisishia mwizi imemrahisishia mwenyewe kwanza. Nani amesema hakuwapo?"

"Kamera?"

"Siku ile zilimulika mimbari tu. Na za nje?"

Nestor alitikisa kichwa. Umeme wa mtaa mzima ulikuwa umekatika asubuhi ile baada ya makombora. Jenereta ililisha ukumbi, lakini kamera za nje zilizimika. Askari wa lango walisema wabunge huingia na kutoka kama nyuki, nao hawaandiki nyuki.

* * *

Lomaka aliwapokea akiwa amesimama. Alikuwa mtu mrefu, mabega mapana, nywele zimekatwa karibu na ngozi. Aliwamiminia chai kwa mkono wa kulia, hakumwaga hata tone, na hakuruhusu asaidiwe.

"Mheshimiwa, ulipiga kura ile?" Uliana aliuliza.

"Kadi ni yangu."

"Sikuuliza kadi ni ya nani."

"Ndilo jibu nililo nalo, Inspekta."

"Basi tuanze mbali. Wabunge walipojiongezea posho, ubao mzima ulikuwa wa kijani, nukta moja tu nyekundu. Ilikuwa yako. Chama chako umekipinga mara tatu, na mara zote walitishia kukufukuza."

"Wanatishia vizuri. Kufukuza ndiko kunakowashinda."

"Ukamwaga ndoo ya matope kwenye meza ya mawaziri."

"Sakafuni. Meza yaliiongeza magazeti." Alikunywa chai. "Yalikuwa matope ya msitu wangu baada ya kupita pampu. Nilitaka wayaone. Walinifungia vikao, na nilistahili. Zulia halikuwa na kosa."

Nestor alitabasamu, kisha akakumbuka yuko kazini. "Na shemeji yako, Hryhir? Alikamatwa na pampu ya kaharabu ndani ya hifadhi. Watu wanasema damu ni nzito, mheshimiwa amelegea."

"Aliyewapigia polisi simu ni mimi. Dada yangu hajanisemesha tangu siku hiyo. Nendeni mkamuulize, atanitukana vizuri kuliko hao watu wenu."

Uliana alikwisha kumuuliza dada mtu, kwa simu, asubuhi ile. Alikuwa ametukana vizuri kweli. Uzi ule ulikuwa umekatikia hapo.

"Ulikuwa wapi wakati wa kura?"

Lomaka alikiweka kikombe chini.

"Mwaka wako wa kwanza hapa ulisema maneno ambayo mpaka leo wanakurushia," Uliana aliendelea. "Mbunge anayeiacha kadi yake mezani, ameiacha heshima yake mezani."

"Nilisema, na bado nasema."

"Basi uliiacha."

"Inspekta, nitakachofanyiwa kwa ajili ya kadi hiyo ni haki yangu, na nitakipokea nikiwa nimesimama. Hayo mengine si yangu kuyatoa."

"Ni ya nani?"

Alikwenda kuwafungulia mlango, kwa adabu kabisa.

Kwenye ngazi Nestor alipuliza pumzi. "Mzee ana kiburi."

"Mwenye kiburi angejitetea," Uliana alisema. "Huyu anamtunzia mtu kitu."

* * *

King'ora kililia kabla hawajamfikia Kotsiuba, kwa hiyo walimhoji chini, kwenye handaki la jengo, watumishi wakiwa wamejipanga ukutani na simu zao. Valerian Kotsiuba alikuwa na kiti chake cha kukunja na chupa ya kahawa. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Karibu, dada yangu Inspekta. Handakini hakuna mkubwa wala mdogo. Kahawa?"

"Asante, nimetoka kunywa chai. Nitarekodi mazungumzo haya."

"Rekodi. Sina cha kuficha."

"Siku ya sheria ya kaharabu uliketi kando ya Lomaka."

"Kama kila siku. Tunapingana, lakini ni jirani yangu. Nikipiga chafya ananitakia afya."

"Ulimwona akipiga kura?"

Kotsiuba alishusha pumzi, kama mtu anayelazimishwa kumsema rafiki. "Nilimwona. Nilishangaa, sikufichi. Nikasema, Zakhar huyu huyu? Lakini ni mtu mzima, ana sababu zake. Tumwonee huruma. Vita vinachosha watu."

"Alibonyeza kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Unaijua hali yake."

"Hakuinuka tangu kura ilipotangazwa?"

"Hakuinuka."

"Na kabla ya hapo, mjadala ulipokuwa ukiendelea?"

"Alikaa kama jiwe. Hata kujikuna hakujikuna."

"Una hakika? Maana asubuhi ndefu kama ile mtu huenda hata msalani."

"Dada yangu, kiti changu na chake vinagusana viwiko. Angeondoka ningehisi baridi." Alicheka peke yake. "Niko tayari kuapa popote."

Uliana aliizima simu, akamshukuru. Juu, king'ora cha kuashiria usalama kilikuwa kimeanza kulia.

* * *

Ofisini, Nestor alileta picha za video alizozipata kwa waandishi wa habari. Hazikuwa za ukumbini. Zilipigwa kwenye korido, dakika chache baada ya kura. Lomaka alitokea upande wa ngazi, hana koti, anahema. Waandishi walimzunguka. Mmoja aliuliza kwa nini ameisaliti Polissia. Lomaka alionekana kutomwelewa. Aligeuka akatazama runinga ya ukutani iliyokuwa inaonyesha matokeo, akasimama kuitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kura hiyo nitaijibu," akapita.

"Sura ya mtu aliyekamatwa," Nestor alisema.

"Tazama chini."

"Viatu?"

"Magoti."

Suruali ilikuwa ya kijivu. Kwenye kila goti palikuwa na duara jeusi la maji, na matone yalikuwa yakishuka kuelekea kwenye viatu.

"Aliteleza," Nestor alisema. "Ni Februari, barabara zote uji wa theluji. Hata mimi nilianguka juzi."

"Ulitua kwa sehemu gani?"

"Kwa makalio, mkuu, kama Mkristo yeyote."

"Huyu makalio ni makavu, ubavu mkavu, kiganja na glavu havina tope. Magoti mawili, sawasawa. Huyu hakuanguka, Nestor. Alipiga magoti. Ametoka Bungeni akikimbia, bila koti, amepiga magoti kwenye theluji na suti yake. Kwa nini mtu wa nchi hii hupiga magoti barabarani?"

Nestor alikuwa amelipigia magoti jeneza la ndugu yake mwenyewe mwaka uliopita, na mtaa mzima ulipiga magoti pamoja naye.

"Lilipita gari lenye jeneza la askari," alisema.

"Tafuta lilikuwa linampeleka nani, na wapi."

Hakuchukua muda. Asubuhi ile gari lilitoka mashariki likiwa na jeneza moja, likapita katikati ya Kyiv, likaelekea Polissia. Marehemu aliitwa Ustym Dziuba. Kabla ya vita alikuwa bwana misitu. Alizikwa Sosnivtsi.

* * *

Motria Dziuba, mama yake, hakuwaruhusu waseme neno kabla hawajala. Aliwawekea supu ya borshi, mkate mweusi na kitunguu kilichokatwa vipande vinene, akaketi mbele yao na kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani. Nje ya dirisha misonobari ilianzia pale pale ua ulipoishia.

"Mmekuja kwa ajili ya karatasi zake?" aliuliza. "Walisema watakuja watu wa jeshi wa karatasi."

"Hapana, mama. Tumekuja kuhusu Zakhar Lomaka."

Uso wa mama ulikunjamana. "Sitoki nje siku hizi. Lakini nilisikia. Wamesema naye amebadilika. Nililia, mwanangu. Nikasema, hata Zakhar."

"Ulimwona siku mlipopita Kyiv?"

"Nilimwona. Dereva alimpigia simu njiani kwamba tunapita chini ya Bunge. Zakhar ndiye aliyemfundisha Ustym kazi. Alimchukua kijana hajui mti mgonjwa na mzima, akamfanya bwana misitu. Basi tukamkuta kando ya barabara, hana koti wala kofia, amepiga magoti kwenye maji ya theluji. Dereva akasimamisha gari. Zakhar akainuka, akaweka mkono wake mzima juu ya jeneza, akapiga magoti tena. Watu waliokuwa wanapita nao wakapiga magoti."

"Mama, unakumbuka ilikuwa saa ngapi?"

"Siku ile sikuwa na saa."

"Kuna kitu kingine chochote mlichokisikia? Kengele, king'ora?"

Motria alifikiri. "Redio," alisema. "Dereva alikuwa amewasha redio ya gari. Ilikuwa inasema kwamba sasa wabunge wanaipigia kura sheria ya kaharabu. Inataja kaharabu, na mwanangu amelala nyuma. Dereva aliona aibu, akaizima. Zakhar alikuwa bado chini."

Nestor aliacha kula.

"Mama," Uliana alisema taratibu, "kura iliyopigwa kwa jina la Zakhar ilipigwa dakika hiyo hiyo."

Mama alitazama mikono yake, akainua macho.

"Unaniambia alipokuwa amepiga magoti mbele yangu, ndipo alipokuwa ananisaliti?"

"Nakwambia hakusaliti. Mtu mwingine alibonyeza."

"Na kwa nini hakusema? Wiki nzima watu wanamtemea mate. Mimi mwenyewe..." Aliyakumbuka maneno yake mwenyewe, na rangi ikampanda usoni. "Ni mimi. Nilimwambia kupitia dirisha la gari, Zakhar, usimpeleke mwanangu kwenye hotuba zenu. Wengine wamewafanya watoto wa watu mabango. Akasema, sitamtaja. Na mimi nilijua hatamtaja. Sikujua kama angekubali kuchafuliwa hivi."

"Aliniambia si yake kuyatoa."

"Ni yangu, basi." Alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini alipoinuka hata Nestor aliweka kijiko chini. "Nilimkataza kumfanya Ustym bango. Sikumkataza kusema kweli. Mwanangu aliulinda msitu huu mpaka alipoitwa kulinda nchi. Kama jina lake linaweza kuulinda tena leo, litajwe, na mimi nitalitaja mwenyewe. Mnarudi Kyiv saa ngapi?"

"Tunaweza kuandika maelezo yako hapa hapa, mama. Huna haja ya kusafiri."

"Mwanangu, sikukuuliza kama nina haja. Nimeuliza mnarudi saa ngapi."

* * *

Dereva alithibitisha simu na redio. Rekodi za kampuni ya simu zilimthibitisha dereva. Uliana alimwita Kotsiuba ofisini kwake, akamwekea rekodi ya sauti yake mwenyewe. *Alikaa kama jiwe. Hata kujikuna hakujikuna.*

"Rudia," Kotsiuba alisema.

"Umeisikia. Ulipokuwa unamwona ameketi kama jiwe, alikuwa barabarani. Wapo waliomwona, na mmoja wao ni mama aliyekuwa anampeleka mwanawe kaburini. Nimwite aingie umwambie amekosea?"

Kotsiuba aliutazama mlango kwa muda. Ule ubembelezi ulikuwa umemtoka, na bila ubembelezi alionekana mdogo.

"Usimwite," alisema.

"Basi sema."

"Walikosa kura moja. Moja tu. Wakubwa wa chama wananiangalia kutoka mbele, mimi nina wizara nimeahidiwa, na kadi ya Zakhar iko pale kwenye tundu lake. Alitoka mbio akaisahau. Yeye ndiye wa kwanza kuvunja kanuni, Inspekta. Angeichomoa, haya yote yasingetokea."

"Jirani akisahau kufunga mlango, nyumba haijawa yako."

"Nilidhani atakanusha. Akikanusha, nitasema ni mwongo, kadi yake ni ushahidi. Lakini alinyamaza tu. Kila asubuhi anakuja, anaketi kando yangu, ananiambia habari za asubuhi." Alijifuta usoni. "Nadhani alijua."

"Alijua. Nani mwingine angefikia kitufe kile?"

"Sasa kwa nini hakunisema?"

Uliana alisukuma maelezo mbele yake ayatie saini. "Kwa sababu angeulizwa alikuwa wapi."

* * *

Spika alikuwa hajatia saini sheria. Kura ilifutwa, muswada ukarudishwa ukumbini upya, na kiti cha Kotsiuba kilikuwa kitupu. Uliana aliketi roshani ya wageni, Nestor upande mmoja, Motria Dziuba upande mwingine na kitambaa chake cheusi. Kamati ya Maadili ilikuwa imekwisha kumsikia mama asubuhi. Alitaja jina la mwanawe mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, na hakuna aliyekohoa mpaka alipomaliza.

Ubao uliwaka. Waliosema ndiyo hawakufika hata mia mbili. Sheria ya kaharabu ilikuwa imekufa.

Lomaka aliomba nafasi. Alipanda kwenye mimbari polepole, glavu nyeusi ikiwa imetulia kando ya paja. Wengine walianza kupiga makofi, lakini aliwasubiri mpaka wakaacha.

"Kura yangu iliibwa, na aliyeiba amepatikana," alisema. "Nawashukuru wapelelezi. Lakini kadi niliiacha mimi. Kanuni inasema asiyechukua kadi yake anafungiwa vikao. Kamati imenisamehe. Naomba isinisamehe. Naomba adhabu kamili."

"Ulikwenda kupiga magoti, Zakhar," sauti ilitoka upande wa wapinzani wake wakubwa. "Kaa chini, bwana. Nani atakuadhibu kwa hilo?"

"Kwa magoti, hakuna. Nitapiga tena kesho gari likipita." Alimtazama aliyesema. "Naongelea kadi. Kuichomoa ni kazi ya mkono mmoja. Na mmoja ninao."

Hakuna aliyecheka. Spika aliuliza kama kuna anayepinga ombi. Mbunge mmoja aliinuka, si kwa kupinga, aliinuka tu akasimama. Kisha jirani yake, kisha safu, mpaka ukumbi wote ulikuwa umesimama, pamoja na wale waliokuwa wamepiga ndiyo muda mfupi uliopita. Lomaka aliinamisha kichwa kidogo, akashuka, akachukua koti lake, akaichomoa kadi, akaanza kutembea kuelekea mlangoni kutumikia adhabu yake.

Roshani ya wageni ilikuwa imejaa. Bibi mmoja wa Kyiv, aliyekaa nyuma yao, aliinama mbele akanong'ona, "Jamani, huyu ni wa wapi?"

Motria Dziuba hakugeuka. Alikuwa amenyoosha mgongo, macho hayabanduki kwa mtu aliyekuwa anatoka.

"Wa Sosnivtsi," alisema, na hakunong'ona. "Ni sisi tuliomtuma."